Jina la Mbwa wa Mama Uwitonze

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa sambaza, vile visamaki vya ziwani, kabla hujalisoma, usijali, nitakurudishia kwa kifupi. Mimi ni Ferdinand Mushagalusa, fundi wa kuchomelea milango ya chuma pale Mabanga, mjini Goma, miaka hamsini na miwili, shule niliiacha darasa la tano. Mke wangu alikimbilia kwao Walungu mwaka wa volkano, akasema anaogopa moto. Moto ulizimika. Yeye hakurudi.

Sasa nimempenda Mama Uwitonze, mjane wa marehemu Habarurema, anayeuza jibini ya Masisi. Nilimwomba twende tupumzike siku mbili kisiwani Idjwi, ili huko, mbele ya maji, nimuulize kama wazee wangu wanaweza kwenda kwa kaka yake kuongea habari ya ndoa. Akakubali safari, kwa sharti moja.

"Ndamuzi naye anakuja."

Ndamuzi ni mbwa wake. Wiki jana niliishia hapo, na tangu siku ile watu wananisimamisha njiani. Wewe Ferdinand, mtu mzima, fundi wa moto, unaogopa mbwa?

Siogopi mbwa. Naogopa jina lake.

Sisi wa upande wa Bukavu mbwa tunamwita Simba, tunamwita Bosco, yamekwisha. Lakini kwa kina Habarurema, watu wa Rutshuru, jina la mbwa ni barua. Ukiwa na neno na mtu, huendi kwake kugombana. Unatafuta kitoto cha mbwa, unakipa lile neno kama jina, halafu kila jioni unasimama mlangoni unaita. Mwenye neno lake atalisikia. Na hawezi kukushitaki popote, kwa sababu wewe ulikuwa unaita mbwa.

Ndamuzi ni Kinyarwanda. Maana yake: ninamjua.

Na huyo anayejulikana ni mimi.

Nitaungama yote, ukurasa huu ndiyo kazi yake. Miaka tisa iliyopita Habarurema aliniita nimtengenezee mlango. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Siku ya kwanza mke wake akaniletea chai ya maziwa na kipande cha jibini, akaniuliza kama nimeshiba. Nyumbani kwangu swali hilo lilikuwa limekufa zamani. Basi bawaba ya juu nikaichomelea vibaya, kwa makusudi. Wiki iliyofuata ikakatika, nikaitwa. Nikaichomelea vibaya tena.

Nilirudi mara nne. Hakuna kingine kilichotokea. Ilikuwa chai, jibini, na mimi kutazama mama wa watu akipita na ndoo. Mara ya nne Habarurema akanikuta. Akanitazama mimi, akatazama bawaba, akatazama kikombe.

Haikupita miezi mingi kikaja kitoto cha mbwa katika nyumba ile. Nikipita jioni namkuta Habarurema mlangoni, uso umekunjamana kama mtu aliyelamba limau, anaita, "Ndamuzi. Ndamuzi." Na anaponiita, yaani anapomwita mbwa, macho yake yako kwangu.

Nikabadilisha njia. Miaka mingi nilizunguka avenue tatu kila jioni ili nisisikie mbwa akiitwa. Habarurema akafa kwa sukari, nikamsindikiza kaburini nikiwa wa mwisho kabisa kwenye mstari. Mbwa alikuwepo. Alinitazama.

Mama Uwitonze hajui hata kidogo. Akijua tu, wazee wangu hawatavuka kizingiti cha kaka yake, na mimi nitakufa nikijipikia mwenyewe. Ndiyo maana kwa miezi mitatu niliyomfuatilia, jina la mbwa wake halijatoka mdomoni mwangu hata mara moja.

Jumamosi asubuhi tukafika bandarini. Kijana wa tiketi, Paulin, akamtazama mbwa, akatazama karatasi yake.

"Muzee, huyu anapanda kama nani?"

"Kama mbwa."

"Mbwa hakuna hapa. Kuna mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku. Chagua."

"Si unamuona ni mbwa?"

"Mi ninamuona. Karatasi ndiyo haimuoni."

"Andika basi chochote."

"Nitaandika nguruwe, ana tumbo."

Mama Uwitonze akasogea mbele. "Nguruwe ni baba yako mudogo. Andika mbuzi."

Paulin akaandika: watu wawili, mbuzi mmoja, kahawia. Akapiga muhuri.

Ndani ya meli nilikuwa nimetafuta benchi ya watu wawili. Mbwa akaruka akakaa katikati, kifua mbele, kama padri anayefungisha ndoa. Nikamwambia, "Wewe, shuka."

"Ana jina," akasema Mama Uwitonze.

"Najua."

"Basi muite."

"Kijana, shuka."

Hakushuka. Tulivuka ziwa hivyo, mimi nikiongea mapenzi juu ya kichwa cha mbwa, na kila nikifika kwenye neno tamu anapiga miayo yenye harufu ya jibini.

Nyumba ya wageni iko kando ya maji kabisa. Mwenyewe ni muzee Jean-de-Dieu, aliyekuwa katekista miaka thelathini, na bado anaongea kama wewe umechelewa misa. Akapokea karatasi yetu, akaisoma, uso ukafunguka.

"Watu wawili na mbuzi. Wageni wa Goma huja mikono mitupu, nyinyi mmeleta mbuzi. Mungu awabariki. Aubin, kuja."

Aubin, mpishi, akatoka jikoni akifuta kisu kwa aproni. "Mbuzi yuko wapi?"

Mama Uwitonze akamkumbatia mbwa.

Aubin akamzunguka polepole. "Muzee, hii mbuzi yenu ya Goma inabweka?"

"Si mbuzi," nikasema. "Ni mbwa. Karatasi ya meli ndiyo haina mbwa."

"Mi nilishaweka kitunguu kwenye mafuta," akasema Aubin, akarudi jikoni akiwa na huzuni ya kweli.

Jean-de-Dieu akavaa miwani yake ya pili. "Acte de mariage. Cheti cha ndoa kiko wapi?"

"Bado, muzee. Tuko njiani."

"Mulio njiani mulale vyumba viwili. Papa huku, mama kule mwisho. Katikati ni chumba changu, na usingizi wangu ni mwepesi."

"Na mbwa?"

"Mbwa alale na mama. Mbwa hatumuombi karatasi."

Akafungua daftari la wageni, akaandika jina langu, jina lake, kisha akainua kalamu. "Na huyu anaitwa nani?"

"Ndamuzi," akasema Mama Uwitonze.

Kalamu ikasimama. Jean-de-Dieu alikaa Rutshuru zamani, lugha anaielewa. Akacheka mpaka miwani ikateleza. "Jina la namna hii linatafuta mutu, mama. Nani huyo unamujua?"

"Mwenyewe anajijua."

Nilikuwa ninakunywa maji ya kukaribishwa. Yalinitokea puani.

Mchana tukakaa ufukweni kwenye viti vya plastiki. Nilikuwa nimevaa suruali mpya nyeupe. Ziwa lilikuwa limetulia, sambaza za kukaanga zilikuwa mezani, nikasema huu ndio wakati.

"Mama Uwitonze, mutu akikaa peke yake kwa muda mrefu..."

Mbwa akatoka majini, akaja mpaka kwenye goti langu, akajikung'uta.

Mama Uwitonze alicheka mpaka akashika meza. "Endelea, Papa Ferdi. Mutu akikaa peke yake muda mrefu?"

"Analoa," nikasema.

Akasimama, bado anacheka. "Ngoja nikaoge kwanza. Nikirudi utaniambia vizuri hiyo kitu unataka kuniambia. Unadhani sijui? Nimekuja nayo jibu. Munichungie mutoto wangu."

Nimekuja nayo jibu. Nilibaki hapo na maneno hayo kama mtu aliyepewa sinia ya moto.

Meza ya jirani alikaa bwana mmoja mwenye kofia nyeupe na tumbo la ofisini, pamoja na msichana aliyeonekana amezaliwa baada ya kofia hiyo. Walikuwa wanalishana sambaza. Mimi nilikuwa nachagua maneno yangu. Hakuna aliyetazama mbwa.

Nilipogeuka alikuwa ameshafika mbali majini. Mtumbwi wa wavuvi ulikuwa umepita na ndoo za sambaza, na yeye alikuwa anaufuata, anaogelea. Mbwa wa miaka tisa, mnene, aliyekula jibini maisha yake yote. Wavuvi walikuwa wanapiga kasia kwa nguvu na hawakumuona. Kichwa chake kilikuwa kimebaki kama parachichi juu ya maji.

Nikapiga mluzi. Nikaita, "Wewe." Nikaita, "Kijana." Nikaita, "Mbwa." Akaendelea kwenda.

Akizama yule, jibu la Mama Uwitonze linazama naye. Nikaingia majini mpaka magotini, nikaweka mikono mdomoni, nikaita lile jina nililolikimbia miaka tisa.

"Ndamuzi. Ndamuzi."

Sauti ya fundi wa chuma ni kubwa, tumezoea kuongea juu ya kelele za mashine. Mlima wa upande wa pili ukanirudishia: ndamuzi, ndamuzi.

Nyuma yangu kiti kikaanguka. Bwana wa kofia alikuwa amesimama, sambaza nusu iko nje ya mdomo.

"Papa," akasema polepole, "unamujua nani?"

"Ndamuzi," nikaita, bila kugeuka.

"Nimesema unamujua nani? Ni mimi unanijua?"

"Ni mbwa," nikajibu.

"Mimi ni mbwa?"

Msichana naye akasimama, mikono kiunoni. "Acha kujifanya, si wewe. Ananijua mimi. Umeniambia huku hakuna mutu wa Goma, na huyu anasema ananijua."

"Hakusema anakujua wewe, amesema anamujua. Labda anamujua bibi yangu wa ndoa."

"Kumbe uko na bibi?"

"Ndamuzi," nikaita tena, kwa sababu kile kichwa kilikuwa kimeanza kugeuka.

Bwana akavuta kofia mpaka puani. Kabla mbwa hajafika ufukweni, wale wawili walikuwa wameshabeba mabegi, kila mmoja na njia yake, na Jean-de-Dieu yuko barazani anafuta majina yao kwenye daftari kwa furaha kubwa.

Mbwa akaja, akajilaza mchangani, ulimi nje. Nikakaa karibu naye, maji yananitoka kila mahali.

"Kumbe unaweza kumuita."

Mama Uwitonze alikuwa nyuma yangu, kitenge kipya, nywele bado zina maji. Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa tu.

"Miezi mitatu, Papa Ferdi. Unamuita wewe, unamuita kijana, unamuita rafiki. Leo nimesikia jina lake mpaka bafuni, na umelisema kama mutu anatapika. Mubaya gani iko katika hilo jina?"

Hapo ningesema uongo wowote. Ningesema ulimi wangu haujazoea Kinyarwanda. Lakini alikuwa amesema amekuja na jibu, na mimi nikajiona: nitaoa, nitahamia, halafu kila jioni mpaka kufa nitasimama mlangoni naita mbwa yule. Nikaona bora nimalize.

Nikamwambia yote. Bawaba, mara nne, chai, ndoo, avenue tatu. Nikamwambia, "Huyo mutu bwana yako alimujua, ni mimi."

Alikaa. Akatoa kipande cha jibini kwenye mfuko, akampa mbwa.

"Ni wewe uliharibu mlango wangu."

"Bawaba tu."

"Na nani alikuambia hilo jina ni lako?"

"Habarurema alikuwa ananitazama akiita."

"Habarurema alikuwa anatazama kila mutu akiita. Alikuwa na haya. Jina hakulitoa yeye. Nililitoa mimi."

Sikuelewa.

"Kulikuwa mwanamke, mutaa wa Katindo," akasema. "Nikajua. Sikutaka kelele, sikutaka watoto wasikie. Nikaleta kitoto cha mbwa nyumbani, nikamwambia: bwana yangu, huyu anaitwa Ndamuzi, na kila jioni wewe ndiye utamuita. Wiki mbili alikataa. Mbwa akawa anapotea, watoto wanalia. Akaita."

Wasomaji wangu, fikirieni. Ninamjua. Kwa Kinyarwanda ni neno moja, kwa Kiswahili ni neno moja, na hakuna lugha kati ya hizo mbili inayokuambia kama anayejulikana ni mwanaume au mwanamke. Mbwa wa Mfaransa angenieleza mapema kama ni le ya mwanaume ama la ya mwanamke. Mimi nikachukua jina la malaya wa Katindo, nikalivaa, likanitosha, nikatembea nalo miaka tisa.

Nikacheka. Siwezi kuwaficha, nilicheka mpaka mbwa akaamka. Nikasogea upande wa mama. "Basi yamekwisha. Mama Uwitonze, wazee wangu waje Jumapili ijayo?"

Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama maji.

"Kabla ya mambo ya Katindo," akasema, "Habarurema alinishika siku moja, akaniambia: kuna mwanaume anafuata kitu katika nyumba hii. Nikaapa juu ya Biblia hakuna. Akasema iko. Nikaapa tena. Hakunisadiki, akaanza kulala nje. Nilipomuuliza habari ya yule mwanamke, akajibu: wewe ndiye ulianza. Nikamuita muongo. Nilimuita muongo mpaka siku ya hospitali. Nimezika muongo, Papa Ferdi. Kaburi lake sijalipelekea hata ua moja."

"Lakini hakukuwa na kitu. Ilikuwa chai."

"Wewe ulikuwa kwenye chai. Yeye aliona bawaba." Akapangusa shavu kwa ncha ya kitenge, kisha akatabasamu, na tabasamu hilo halikuwa langu. "Kumbe aliona kweli. Maskini Habarurema. Hakuwa muongo."

Nilimpeleka mwanamke ziwani ili anipende mimi. Mbele ya macho yangu, kwa chakula changu, alikuwa anampenda marehemu upya.

"Na hukufikiria kwamba ni mimi?" nikauliza.

"Fundi wa mlango? Na ule moshi usoni? Nilifikiria mwalimu wa shule. Nilifikiria mpaka padri. Fundi sikumufikiria."

Hilo nalo nikalimeza.

Akanigeukia. Papa Ferdi ilikuwa imekwisha.

"Ferdinand, nisikilize vizuri. Habarurema aliniambia alimuuliza huyo mwanaume uso kwa uso, na huyo mwanaume akamujibu. Jina alikataa kulitaja, alisema ni aibu. Lakini jibu alinirudishia neno kwa neno, na lile jibu ndilo lilivunja nyumba yangu, si bawaba yako. Mpaka leo nalibeba hapa." Akagusa kifua. "Sasa niambie wewe. Siku ile ya kikombe, alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ulimujibu nini?"

Hapo juu, nilipowaungamia, niliruka kitu kimoja. Habarurema alinitoa nje siku ile, akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, unafuata nini kwangu?" Ningesema mlango. Ningesema samahani. Lakini nilikuwa nimeshiba chai ya mke wake, nilikuwa na kiburi, na mtu mpole hunipa hamu ya kumchokoza. Nikajifuta mdomo, nikamjibu maneno matatu.

"Muulize bibi yako."

Mama Uwitonze alikuwa ananingoja. "Ukiyasema yale yale," akasema, "nitajua uko mutu wa kweli. Kama nitakutaka, hiyo ni kitu ingine. Ukiyasema mengine, meli inarudi saa tisa, na mimi na Ndamuzi tutakuwa ndani."

Chini bandarini meli ikapiga honi ya kwanza. Nikamtazama machoni, nikafungua mdomo.